Mheshimiwa wa Saa Saba

Nchi ya Mbioni ipo, msibishane. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, kwa sababu ramani yake bado iko mbioni, pamoja na barabara yake kuu, daraja lake na choo cha stendi. Jina lenyewe lilipatikana hivyo hivyo: kila raia aliyekwenda serikalini kuulizia jambo lake alijibiwa kwamba liko mbioni, hata ikaonekana ni ufujaji wa fedha kuipa nchi jina jingine. Mimi sikuwapo. Nayaeleza kama nilivyoyapokea, na aliyenieleza alikuwa mtu mwenye heshima zake, ijapokuwa sasa yuko ndani.

Katika nchi hiyo kuna kisiwa kiitwacho Vumbwe, na huko Vumbwe alikuwako mwanamke aitwaye Mwatima Vuai, mtangazaji wa Redio Mbioni. Taarifa ya habari alisoma, saa za maji kujaa na kupwa alisoma, lakini kilichompa jina ni matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, na akikutajia jina la marehemu unaona kabisa kwamba huyu naye alizaliwa na mama yake akapewa uji. "Tunasikitika kutangaza kifo cha," husema, halafu hunyamaza kidogo kabla ya jina. Hapo Vumbwe yote husimama. Mwenye mwiko huushika juu ya sufuria, na kinyozi huondoa wembe shingoni mwa mtu.

Basi ikawa ndiyo desturi ya kisiwa: mtu hafi mpaka Bi Mwatima amsome. Unaweza kuwa umelala chumba cha ndani tangu alfajiri, baridi umeshapoa, lakini wageni wakija huambiwa hujambo kidogo, umepumzika. Ikifika saa saba, ukasomwa, ndipo kilio kinapoangushwa. Na aliyesomwa amesomwa. Kuna mzee mmoja, Mbaruku Shomari, alisomwa kwa makosa. Marehemu alikuwa Mbaruku mwingine wa kijiji cha pili. Alasiri mzee wa watu anaamka usingizini anakuta uani kwake masufuria yako mekoni na vijana wanatoka kuchimba kaburi. Akauliza nani kafa. Watu wakampa pole. Alipokwenda ofisi ya Mkuu wa Kisiwa kulalamika kwamba pensheni yake imekatwa, alielezwa kwa upole mkubwa kwamba Redio Mbioni ina matangazo ya vifo, matangazo ya uhai haina. Mpaka leo anaitwa Marehemu Mzee Mbaruku. Faida aliyoipata ni moja tu, hachangishwi harusi.

Neno jingine mlijue kabla sijasonga mbele. Mbioni watu hawaruhusiwi kukusanyika bila kibali. Mpira una kibali, ngoma ina kibali, foleni ya mkate ina kibali, na vibali vyenyewe viko mbioni. Kitu pekee kisichohitaji kibali ni maziko. Hakuna mkubwa aliyewahi kuthubutu kuyazuia, maana yeye naye ana siku yake, na atakayezuia maziko ya wenzake atazikwa na nani? Hata polisi wana mama zao.

Sasa boti.

Vumbwe hakuna hospitali ya kumpasua mtu. Kuna zahanati yenye muuguzi mpole na picha ya Rais. Mwenye hali mbaya sharti avushwe ng'ambo, na kwa ajili hiyo serikali, kwa mapenzi yake, ilitoa Boti ya Wagonjwa. Ilikuwa boti nzuri ya mbao za mvule, yenye mashine mpya. Mkuu wa Kisiwa, Mheshimiwa Ngwali Mapande, aliizindua kwa kukata utepe. Mwaka uliofuata akaizindua tena, kwa kuwa utepe ulibaki, na uliofuata akaizindua mara ya tatu. Kila mara Bi Mwatima alisoma redioni kwamba boti imeanza kazi rasmi. Kazi yake ilikuwa kusoma, na habari za Redio Mbioni hufika mezani zikiwa zimeshapikwa.

Jambo dogo halikusomwa. Baada ya uzinduzi wa kwanza, mashine ya boti ilifunguliwa ikafungwa kwenye boti ya Mheshimiwa Ngwali mwenyewe, kwa muda tu, isije ikashika kutu kwa kukaa bure. Mheshimiwa alikuwa nayo nyingine tayari, kwa hiyo sasa akawa na mbili, na hilo, alisema, lilikuwa mzigo mkubwa kwake. Nahodha wa Boti ya Wagonjwa, Mcha Kheri, akaachiwa sare, mshahara na usukani. Kila asubuhi alipanda kwenye ile boti iliyolazwa mchangani karibu na gati, akashika usukani, akatazama mbele. Jioni alishuka akaenda kwake.

Siku moja Mize, mdogo wake Bi Mwatima, alishikwa na tumbo. Watu wakambeba na kitanda chake hadi gatini, kwa sababu redio ilisema boti inafanya kazi, na aliyesema ni dada yake. Wakampandisha. Nahodha Mcha, kwa aibu, alivaa kofia yake vizuri, akashika usukani, akawaambia watu wakae sawasawa. Wakakaa. Mize alikufa pale pale mchangani, anatazama bahari aliyoambiwa anaivuka.

Kesho yake saa saba Bi Mwatima alimsoma ndugu yake, na sauti haikutetereka. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya Mheshimiwa Ngwali kupongezwa kwa huduma bora za kuvusha wagonjwa. Nayo akaisoma.

Angeweza kukaa kimya, wengi tumekaa. Lakini haukupita muda binti yake wa pekee, Zuwena, akashika mimba, na mimba ikawa ya mapacha. Muuguzi alimpima presha, akampima tena, akatazama picha ya Rais ukutani, akasema, "Bi Mwatima, huyu hajifungulii hapa. Huyu ni wa kisu. Mvushe ng'ambo mapema, nakuomba."

Mtauliza, kwani meli ya abiria haipo? Ipo. Lakini sheria ya meli za Mbioni inataka idadi ya waliopanda ilingane na ya walioshuka, na mwanamke mwenye tumbo kubwa anaweza kuiharibu hesabu hiyo katikati ya maji. "Akizaa njiani, hao wapya tiketi wamekata wapi?" aliuliza kapteni. Na mashua za wavuvi? Zilipigwa marufuku kubeba mgonjwa, kwa sababu wagonjwa wana boti yao.

"Nagombea," Bi Mwatima alimwambia Zuwena jioni hiyo, huku anamkanda miguu iliyoanza kuvimba.

"Unagombea nini, mama?"

"Baraza la Kisiwa."

Zuwena alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe? Na wale wanaolala na miwani?"

"Boti hiyo nimeizindua mimi kwa mdomo wangu, mwanangu, mara tatu. Nakwenda kuitafuta mashine yake iliko."

"Iliko kila mtu anapajua."

"Basi nakwenda kuitafuta rasmi."

Mkurugenzi wa redio alipopokea barua ya kuacha kazi alikaa chini bila kutazama kama kiti kipo. "Sasa, Bi Mwatima," alisema, "ukienda huko, nani atatufishia watu?" Akaambiwa wasubiri kidogo, na watu wa Mbioni kusubiri wanajua.

Chama kilikuwa kimoja, Chama cha Vyama Vyote, na ndani yake upinzani ulipewa chumba cha nyuma, chenye dirisha. Bi Mwatima alijiandikisha huko, akaanza kampeni. Jamani, msione siasa ni rahisi. Mkutano wa kwanza, uwanja umejaa, alisimama akasema kwa ile sauti yake, "Ndugu zangu wa Vumbwe, nasikitika kuona..." Hakumaliza. Mama mmoja wa mbele aliangusha mtoto na mkoba. "Nani? Jamani, nani?" Kilio kikapokewa mpaka nyuma, wanaume wakaanza kuulizana majembe yako wapi. Ilibidi polisi wawatulize, na hata hao polisi wawili walikuwa wanafuta machozi.

Washauri wake wakamwambia abadilishe mwanzo. Mkutano wa pili akatabasamu, akasema, "Nafurahi sana." Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa kabisa, wakaona msiba huu lazima ni mkubwa kupita kiasi hata msomaji ametoka akili. Tangu siku hiyo hakuhutubia tena. Alisimama tu, akawaamkia wazee, akashuka.

Mpinzani wake, mheshimiwa aliyekikalia kiti kile mpaka kikachukua umbo lake, aligawa kanga na mchele, na watu wakapokea kwa shukrani. Lakini kwenye chumba cha kura kila mtu alikuwa peke yake na mawazo yake, na wazo lilikuwa moja: huyu mama atarudi redioni siku moja, na mimi nitakufa siku moja. Nani atataka kusomwa na mtu aliyemnyima kura? Bi Mwatima akashinda kwa kishindo, na hata mpinzani, ilisemekana, alimpigia.

Mlango wa Baraza ulipofunguka, Mheshimiwa Mwatima aliingia na swali moja kichwani: mashine ya boti iko wapi? Swali fupi. Lakini kanuni za Baraza zilitaka mjumbe, kabla ya kuuliza, amshukuru Rais kwa amani, amshukuru Mkuu wa Kisiwa kwa hewa, awashukuru wajumbe kwa kuhudhuria na kulishukuru swali lenyewe kwa kupatikana. Shukrani zikiisha, na muda umekwisha. Kikao cha kwanza alishukuru mpaka kengele. Cha pili vile vile. Cha tatu alisimama akasema, "Mashine ya boti iko wapi?" akakaa.

Loo! Wajumbe walioamka waliamka vibaya. "Mwongozo!" mmoja akapaza. "Utaratibu!" akapaza wa pili. Wa tatu alipaza "Apewe!" kwa mazoea ya vikao vya posho, kisha akaomba radhi. Mheshimiwa Ngwali akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti, akalitazama Baraza kwa huruma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "mjumbe mgeni ameuliza mashine iko wapi. Mimi namwuliza: tulipokuwa hatuna boti, nani aliuliza mashine? Hakuna! Leo wananchi wana upeo wa kuuliza mashine. Hayo ni maendeleo, na maendeleo hayo yameletwa na boti. Boti, Mheshimiwa Mwenyekiti, si mbao na misumari. Boti ni mchakato. Na mchakato huo uko mbioni."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi la dari likashuka. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Boti, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Mwatima. Akapewa ofisi na kiti kinachozunguka. Akapewa na gari lenye bendera, ingawa barabara ya Vumbwe inatoka ofisini hadi kwa Mheshimiwa Ngwali na kuishia hapo, na anayetembea kwa miguu hufika mapema zaidi.

Sitawaficha: kiti kilikuwa kizuri. Watu walimwamkia mara mbili mbili. Kamati ilikutana ikajadili tarehe ya kukutana, na yeye alianza kuona kwamba mambo yana uzito wake, hayaendi kama watu wa nje wanavyodhani. Siku moja Zuwena, amekaa kwenye mkeka na tumbo lake kubwa, aliuliza kama chai iko tayari.

"Iko mbi..." Bi Mwatima alisema, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mama na mtoto wakatazamana. Zuwena hakucheka safari hii. Bi Mwatima aliona haya hadi masikio yakawaka, na kesho yake hakupanda lile gari.

Huko redioni nako hali ilikuwa mbaya. Kijana aliyemrithi alikuwa na sauti ya furaha, anasoma vifo kama anayetangaza punguzo la bei, na watu wakakataa kabisa kuvikubali vifo vyake. Na si vifo tu. Ikatangazwa umeme umefika, hakuna aliyenunua taa. Ikatangazwa bei ya mchele imeshuka, watu wakaenda dukani kwa hofu. Mheshimiwa Ngwali akaanza kukosa usingizi, maana Siku ya Mbioni ilikaribia, na Waziri mwenyewe alikuwa anakuja Vumbwe kushuhudia boti ikifanya kazi.

Akamwita Bi Mwatima nyumbani kwake, akamwekea soda na korosho.

"Bi Mwatima, dada yangu," alisema, "utaisoma wewe. Pale pale gatini, mbele ya Waziri, redio ikirusha moja kwa moja. Karatasi nimekuandalia."

"Nisome kwamba boti inafanya kazi?"

"Ukisoma wewe, imefanya kazi."

"Na mashine?"

"Mashine iko salama kabisa, usiwe na wasiwasi nayo. Iko kwangu." Alimsogezea korosho. "Nimesikia binti yako yu mzito. Masikini. Boti yangu inavuka chai ikiwa bado ya moto. Ukishasoma tu, siku ile ile, namvusha. Usiposoma, basi, sote tunamtegemea Mungu."

Bi Mwatima alirudi nyumbani kwa miguu. Alimweleza Zuwena yote bila kuficha.

Zuwena alichukua upepeo, akajipepea. "Mama mdogo Mize naye aliisikia redio," alisema. "Mke wa Mcha ana mimba, unajua? Nikivuka mimi kwa boti ya Ngwali, yeye utamsomea nini?"

"Kwa hiyo nikatae?"

"Sijasema ukatae!" Machozi yakamtoka. "Naogopa, mama. Sitaki kufa. Watoto wangu wanacheza humu ndani, nawasikia. Mimi sijui ufanye nini. Wewe ndiye Mheshimiwa."

Bi Mwatima alimfuta uso kwa upande wa kanga. Kesho yake alipeleka neno kwa Mheshimiwa Ngwali kwamba atasoma.

Siku ya Mbioni gati lilipambwa kwa makuti na bendera. Boti ya Wagonjwa ilipakwa rangi nyeupe upande mmoja, ule unaotazama viti vya wageni. Nahodha Mcha alikuwa juu yake tangu asubuhi, sare imepigwa pasi, ameshika usukani. Pembeni, boti ya Mheshimiwa Ngwali ilikuwa majini na mashine zake mbili, na karibu nayo, kivulini, amekaa Zuwena na muuguzi. Uchungu ulikuwa umeshamwanza. Alikuwa anauma ncha ya mtandio asipige kelele.

Mheshimiwa Ngwali alihutubia. Alieleza historia ya maji tangu yalipoumbwa, akaeleza jinsi maji hayo yalivyonufaika na uongozi wa sasa. Waziri alisinzia kwa heshima. Jua lilikuwa limesimama utosini pale aliposema, "Na sasa, sauti mnayoiamini!"

Bi Mwatima alishika kipaza sauti. Alimtazama binti yake, akamwona jasho linavyomtiririka. Akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani. Ilikuwa saa saba.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha," alisema, akanyamaza.

Miko ikashikwa juu kisiwa kizima. Waziri akafumbua macho.

"Boti ya Wagonjwa wa Vumbwe, kilichotokea hapa gatini baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha nahodha mmoja na mashine moja, inayoishi kwa Mheshimiwa Ngwali Mapande. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, na jamaa wa marehemu Mize Vuai, aliyefia mikononi mwake. Maziko ni leo, hapa hapa gatini, sasa hivi."

Halafu mama mmoja nyuma akaanza, "Uwii, boti yetu!" na kilio kikalipuka. Waziri, ambaye naye ni mtu wa Mbioni, alivua kofia kabla hajajua anafanya nini. Mheshimiwa Ngwali alikuwa anapunga mikono, "Wananchi, hapana, hiyo siyo..." lakini nani amsikilize? Watu walikuwa wanashuka kutoka kila kijiji na majembe, mikeka na masufuria. Mkuu wa polisi aliweka kofia kwapani, akauliza kwa sauti ya chini kaburi lichimbwe upande gani.

Sheikh alifika, akaizunguka boti mara moja. "Chombo mimi sikisalii," alisema. "Lakini wafiwa nitakaa nao." Akakaa mkekani.

Marehemu lazima aoshwe. Wanawake wakaleta ndoo na sabuni, wakaisugua boti, wakaikwangua chaza na magamba ya miaka yote, hadi mbao za mvule zikaonekana. Marehemu lazima atiwe pamba. Ikaletwa pamba, na mafundi wa vyombo, ambao kutia pamba ndiyo kazi yao, wakaikalafati boti kila upenyo, wakalia na kugonga, wakagonga na kulia. Zuwena alikuwa sasa anaguna waziwazi, na Bi Mwatima amemshika mkono.

Vijana wanane waliinama kuinyanyua boti. Hapo akajitokeza Mzee Mbaruku Shomari na fimbo yake.

"Ngojeni," alisema. "Mimi nimeshakufa, haya nayajua. Maiti hazikwi nusu. Kiungo kingine kiko wapi?"

Watu wote wakageuka, wakatazama boti ya Mheshimiwa Ngwali.

"Ile ni mali ya serikali!" Mheshimiwa Ngwali akapaza.

"Na huyu marehemu alikuwa wa nani?" aliuliza Mzee Mbaruku. "Mheshimiwa, tuambie vizuri, maana wengine masikio yetu yamekufa. Unazuia maziko?"

Majembe yakatulia. Mkuu wa polisi akaivaa tena kofia yake. Waziri, polepole, kama anayekwepa jua, alisogea hatua moja kutoka alipokuwa Mheshimiwa Ngwali, kisha akasogea nyingine.

"Nani? Mimi?" Mheshimiwa Ngwali akarudi nyuma. "Mimi nizuie maziko? Nilikuwa nasema tu... ifunguliwe taratibu, isije ikakwaruzika."

Ikafunguliwa, ikabebwa begani kama inavyobebwa jeneza, watu wakipokezana, ikafungwa mahali pake. Boti ikashushwa majini ili ikamilike kuoshwa. Nahodha Mcha, kwa mazoea ya mtu aliyeiota siku hiyo kila mchana, akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta tena. Ikanguruma.

Watu wakashtuka. Vumbwe haijawahi kuwa na maiti ya namna hiyo, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wakamtazama Bi Mwatima awaambie la kufanya. Alikuwa bado na kipaza sauti.

"Maziko yamehamishiwa ng'ambo," alisema kwa ile sauti. "Wafiwa wapande. Zuwena, panda!"

Wanawake wakambeba Zuwena mzima mzima, muuguzi akaruka nyuma yake, na boti ikaondoka huku gati lote linalia na kupunga. Bi Mwatima alikaa chini chomboni, kichwa cha mwanawe mapajani, akamwambia, "Tunavuka, mwanangu. Tazama maji. Safari hii tunavuka kweli." Kisha akalia yeye, kwa mara ya kwanza tangu Mize.

Zuwena alipasuliwa jua lilipokuwa linakuchwa. Watoto wakatoka wawili, wa kike, wanapiga kelele kama madalali. Mmoja akaitwa Mize. Mama yao yu mzima, anawafokea mpaka leo.

Baraza lilikaa kwa dharura, likamvua Bi Mwatima uheshimiwa kwa kosa la kuua mali ya umma kwa mdomo. Alishukuru kwa utaratibu wote, Rais kwa amani na Mkuu kwa hewa, akarudi redioni, ambako mkurugenzi alimpokea kwa machozi na rundo la marehemu waliokuwa hawajasomwa.

Boti ikaendelea kuvusha wagonjwa. Mashine hakuna awezaye kuidai tena, kwa sababu kuitoa mwilini mwa marehemu ni kufukua kaburi. Mke wa Mcha alivuka nayo, na wengine baada yake. Tatizo lilibaki moja, mafuta. Serikali ilisema, na ilikuwa na haki, kwamba marehemu hatengewi mafuta. Hivyo mafuta yanatoka kwa Mheshimiwa Ngwali, mfukoni mwake, kila wiki, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Ni kwamba Mheshimiwa Ngwali, kila ikikaribia saa saba, humwona Mzee Mbaruku akipita na fimbo yake chini ya dirisha la ofisi, mzima wa afya, hana pensheni, watu wanamwombea dua. Naye hufunga mlango, akaisogeza redio karibu.

Siku mafuta yakiwahi, Bi Mwatima husoma majina ya marehemu wa siku hiyo, akawaombea rehema, akafunga. Siku yakichelewa, husoma mpaka la mwisho, kisha huanza tena, "Tunasikitika kutangaza kifo cha," akanyamaza. Miko hukaa juu. Kinyozi huondoa wembe. Na kabla hajavuta pumzi ya pili, lile gari lenye bendera, ambalo sasa liko kwa Mheshimiwa Ngwali, huwa limeshaonekana likitimua vumbi kuelekea gatini, pasipo na barabara, limejaa madumu. Bi Mwatima hulitazama dirishani mpaka lisimame. Kisha hukohoa kidogo, akawaomba radhi wasikilizaji, akasema karatasi zimekwisha.